Safari ya Wajumbe Kwenda Mkutano wa Pwani

(Hotuba ya kamati ya safari, iliyosemwa mbele ya wajumbe wa matawi ya Mjini, Westlands, Kangemi, Kawangware na Dagoretti. Imepigwa chapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Tumeombwa tuseme juu ya safari ya kwenda Mombasa kwenye mkutano mkuu wa mwezi wa Juni. Wengine wamesema hili ni jambo dogo, mtu mzima anajua kupanda gari. Twawaomba mkumbuke mkutano uliopita. Wajumbe watatu wa upande huu wa mji walipanda basi la kampuni moja usiku, basi likaharibika njiani, wakakaa kando ya barabara mpaka jua likawa kali. Walipofika ukumbini, kura ya kubadili katiba ilikuwa imekwisha pigwa, na neno lile lilipita kwa kura mbili tu. Hesabuni wenyewe. Mjumbe mmoja wa Kangemi anabeba kadi za wanachama zaidi ya mia, wengi wao ni wanawake wanaofua na kupika katika nyumba za Lavington, Loresho na Kileleshwa, na hawa hawapati hata Jumapili nzima ya kupumzika. Mwaka huu kuna azimio juu ya mkataba wa maandishi kwa kila mfanya kazi wa nyumbani. Kiti cha mjumbe kikiwa kitupu siku hiyo, ni hao watakaokosa sauti.

Kabla ya kuingia katika safari yenyewe, kuna swali ambalo wanachama wa Kawangware wametuuliza, tena kwa sauti kubwa: kwa nini mkutano unafanywa katika hoteli ya ufukoni Shanzu, mahali pa watalii, na ada za chama ni jasho la watu? Swali hili ni la haki, na hatutalipita kimya. Sababu tuliyopewa na makao makuu ni kwamba Aprili mpaka Juni ni msimu mbaya wa hoteli za pwani, kwa maana mvua ya masika imenyesha na upepo wa kusi unavuma, watalii ni wachache, na vyumba vinapatikana kwa bei ambayo hoteli za Nairobi hazitoi. Tena mkutano ukifanywa Nairobi wajumbe hurudi makwao jioni, na asubuhi nusu yao hawaonekani. Kuna na jambo la ndugu zetu wa hoteli. Msimu mbaya ukiingia, vibarua wa jikoni na wa vyumbani huambiwa wakae nyumbani bila malipo, na mkutano kama wetu huwarudisha kazini siku kadhaa. Hizo ni sababu za kweli. Hata hivyo sisi tungependa mwaka mwingine tufikiriwe Kisumu, kwenye chuo cha wafanya kazi chenye jina la Tom Mboya, ambako hakuna mtu atakayeuliza kama tumekwenda kuogelea.

Wazee wetu wa vyama walikuwa wakisafiri njia hii hii wakiwa na hofu nyingine kabisa. Baada ya mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, Chege Kibachia alikuja Nairobi kuandikisha wanachama wa shirikisho lake. Agosti ya mwaka ule alikamatwa, akawekwa Kabarnet karibu miaka kumi. Makhan Singh alikamatwa hapa Nairobi mwezi wa Mei 1950, na hakuachiliwa mpaka 1961. Siku zile hatari ya safari ya chama ilikuwa polisi. Siku hizi ni dereva mwenye usingizi, mbu, mwizi, na mlango wa hoteli ambao mtu hakuutazama. Ndiyo maana tunayataja haya mambo madogo madogo.

Sasa tuanze na ruhusa. Mwenye kazi ya kiwandani au hotelini ana ofisi ya kupeleka barua. Mfanya kazi wa nyumbani ana bibi mwenye nyumba tu, naye akisema hapana hakuna mwingine wa kumwendea. Basi barua za chama zitatoka wiki sita kabla, si wiki moja. Peleka barua yako, na uombe bibi atie sahihi kwenye nakala ubaki nayo. Kenya ilitia sahihi mwaka 1979 mkataba namba 135 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya wawakilishi wa wafanya kazi, na pendekezo namba 143 linalokwenda pamoja na mkataba huo lasema wazi kwamba wawakilishi wapewe nafasi ya kuhudhuria mikutano na masomo ya chama. Pendekezo si sheria ya kumpeleka mtu kortini, lakini likitajwa kwa upole katika barua lina uzito wake. Kama hata hivyo amekataa, liko jambo la pili: sheria ya ajira ya 2007 inampa kila mfanya kazi aliyetimiza miezi kumi na miwili likizo isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo. Mtu anaweza kuomba siku nne katika hizo. Ni uchungu kutumia likizo yako kwa kazi ya wote, twajua, lakini ni afadhali kuliko kutoroka kazini Alhamisi ukarudi Jumatatu ukute sanduku lako limewekwa nje ya geti. Asiende mtu bila ruhusa. Chama hakitaki mjumbe aliyefukuzwa kazi.

Tuje kwenye chombo cha kusafiria. Kamati imefikiri juu ya basi na juu ya treni, na tumeamua treni. Twataka mjue sababu, kwa maana wako wanaosema tumependa starehe.

Kutoka Nairobi mpaka Mombasa kwa barabara ni kilomita 480 hivi. Gari la abiria linatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, tangu zile kanuni za marehemu John Michuki za 2004. Gawanya 480 kwa 80 utapata saa sita, na hizo ni saa sita za kwenda bila kusimama Mtito Andei kula, bila kufuata msafara wa malori ya makontena, bila kupunguza mwendo Emali wala Mariakani. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba utafika kwa saa sita amekuahidi kwamba atavunja sheria, na wewe ndiye mzigo wake. Tena kanuni za 2014 za magari ya abiria zinasema dereva asiendeshe zaidi ya saa nane katika siku moja, usiku na mchana. Basi la kweli huchukua saa nane, tisa au zaidi. Maana yake liwe na madereva wawili. Ukiliona lina dereva mmoja, jua kwamba huyo mtu, ambaye ni mfanya kazi kama sisi, anaendesha akiwa amechoka kwa sababu mwenye gari hataki kulipa mshahara wa pili. Hatumlaumu dereva, lakini hatutaki kulala nyuma yake. Serikali yenyewe imewahi kupiga marufuku mabasi ya usiku, Desemba 2013 na tena mwisho wa 2017 baada ya misiba mikubwa barabarani, kisha ikaruhusu tena kwa masharti. Hata kama sheria inaruhusu, kamati hairuhusu. Mjumbe atakayekwenda kwa basi la usiku kwa nauli ya chama atarudisha nauli hiyo.

Treni ya kwanza ya abiria katika reli mpya iliondoka mwisho wa Mei 2017. Vijana huiita SGR, wazee bado husema gari moshi ingawa makaa hayachomwi tena, na yote mawili yanaeleweka. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima, ambayo zamani ilikuwa 1,000. Kwenda na kurudi ni 3,000, na kwa wajumbe wetu thelathini ni 90,000. Ni pesa nyingi, na mwekahazina amekunja uso, lakini tumepiga hesabu ya basi zuri la mchana lenye madereva wawili na tofauti si kubwa.

Treni ziko za asubuhi saa mbili, ya alasiri saa tisa, na ya usiku saa nne. Sisi tutapanda ya asubuhi. Hiyo inasimama katika stesheni za njiani na inachelewa kidogo, lakini inatufikisha mchana jua likiwa juu. Ya alasiri inafika usiku, na ya saa nne inafika alfajiri ambapo mgeni hajui aende wapi. Tiketi zitakatwa na karani kwa simu mara tu majina yatakapokamilika, maana siku za mwisho wa mwezi nafasi za daraja la kawaida huisha upesi. Kwa hiyo tupeni majina kama yalivyo katika kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho chako kinasema Rhoda na sisi twakuita Mama Brayo, utaandikwa Rhoda. Wala mtu asinunue tiketi kwa kijana aliyesimama nje ya stesheni akisema anazo mbili zilizobaki.

Sasa sikilizeni sana juu ya asubuhi ya safari, kwa maana hapa ndipo tunapopoteza watu. Stesheni ya treni iko Syokimau, nje ya mji upande wa Mombasa Road, na sisi tunakaa upande wa pili kabisa. Inafaa kufika saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu mizigo yote hupangwa chini mbwa wainuse, kisha hupita katika mashine, kisha tiketi na kitambulisho hutazamwa. Treni haimngojei mtu. Maana yake mjumbe wa Uthiru au wa Gatina lazima awe amekwisha toka nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakati vichochoro vya Kawangware vina giza na vijana wabaya bado hawajakwenda kulala.

Hatutaki mwanamke yeyote atembee peke yake saa hiyo na sanduku mkononi. Tumekodi matatu mbili. Moja itaanzia Uthiru 87, ipite Kangemi, kisha Westlands. Ya pili itaanzia Kawangware 46, ipite Dagoretti Corner. Zote mbili zitashika ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, ambayo ni kilomita 27 kutoka Westlands mpaka Mlolongo na ina mahali pa kuteremkia karibu na stesheni. Ada yake tutalipa sisi. Kila mtaa una kiongozi wa watu watano. Kiongozi atawapitia wenzake mlangoni, mmoja mmoja, na mtu asitoke mpaka asikie sauti anayoijua. Kama mna kaka au mume wa kuwasindikiza mpaka kwenye gari, mwambieni leo, si usiku ule. Anayekaa kwa bwana mkubwa Lavington azungumze na askari wa geti mapema, kwa maana tumeona askari akikataa kufungua saa kumi na moja kwa kuogopa kwamba mtumishi anatoroka na vyombo.

Wajumbe wa Mjini watakutana mbele ya stesheni ya zamani, mwisho wa Moi Avenue, na kupanda ile treni ndogo ya asubuhi inayopeleka abiria Syokimau. Tafadhali msikae mkipiga gumzo na mabegi yenu nyuma ya mgongo. Mahali pale pana watu hodari sana wa kazi hiyo.

Ndani ya treni hakuna mengi ya kusema. Chukua chakula chako, kwa sababu cha ndani kina bei. Usipokee biskuti wala soda kwa mtu usiyemjua hata akiwa na Biblia mkononi, kwa maana wako watu waliolewa dawa namna hiyo katika mabasi wakaamka bila simu wala viatu. Tazameni Tsavo dirishani. Ndovu huonekana mara nyingi, na hilo ni la bure.

Stesheni ya Mombasa iko Miritini, bara, mbali na Shanzu. Ukitoka nje utavutwa mkono na wenye teksi kumi. Usimfuate hata mmoja. Wenzetu wa tawi la Mombasa watasimama na kitambaa cha chama, nao wana gari. Tutapita Changamwe, Makupa, kisiwani, halafu daraja la Nyali, na magari yakiwa mengi ni saa nzima na zaidi. Wale wenye ndugu Likoni au Ukunda wanaotaka kuwatembelea wangoje mkutano umalizike. Katika feri, teremka garini usimame juu, usikae ndani umefunga vioo, wala usisukumane kuingia wakati imejaa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, wakafa watu 272, na wengi wao walikuwa watu wanaokwenda kazini kama sisi. Ilikuwa imebeba watu kuliko kipimo chake. Hakuna mkutano wala kazi inayostahili kuingia chombo kilichojaa.

Sasa hoteli. Hapa tutakaa kidogo, kwa maana sisi wa Westlands na wa Mjini tuna haki ya kulisema jambo hili kuliko watu wengi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 213 pale pale karibu na stesheni ambapo wajumbe wa Mjini watakutana. Tarehe 21 Septemba 2013 ilikuwa Westgate, wakafa 67. Tarehe 15 Januari 2019 ilikuwa hoteli na maofisi ya Riverside Drive, wakafa 21. Na pwani yenyewe, tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise kule Kikambala ilishambuliwa, wakafa Wakenya kumi na Waisraeli watatu. Katika orodha hizo zote wamo wahudumu, makarani, wafagiaji na askari wa mlangoni.

Hatusemi haya ili mwogope. Twasema kwa sababu wanachama wetu ndio wanaojua nyumba hizi kwa ndani. Mgeni wa hoteli anaujua mlango mmoja tu, ule wenye maua. Mpishi anaujua wa kuingizia mboga, dobi anaujua wa nguo chafu, mfagiaji anajua ngazi ya nyuma inatokea wapi na kama imefungwa kwa kufuli. Pale Westgate wako wengi walioponea milango ya nyuma na ya mizigo. Basi mkifika Shanzu, kabla ya kutazama bahari, kila mjumbe atembee kutoka chumba chake mpaka nje kwa njia mbili tofauti, ahesabu milango, ili hata gizani aweze kwenda kwa kugusa ukuta. Ukikuta mlango wa dharura una kufuli au umezibwa na viti, usinyamaze. Mwambie kiongozi wa kundi, naye atawaambia wenye hoteli kwa jina la chama. Ndugu zetu wanaofanya kazi pale watafurahi sana, maana wao hukaa na kufuli hilo mwaka mzima na wakisema wao hawasikiwi.

Tena hoteli nyingi za pwani zina mapaa ya makuti. Makuti makavu yakishika moto katika upepo wa kusi hayangoji mtu atafute viatu. Usivute sigara chini yake, usichome mshumaa wa mbu chumbani ukalala. Moto ukitokea, acha sanduku. Mahali pa kukutana patatajwa siku ya kwanza, na kila kiongozi atahesabu watu wake watano. Ukiitwa, itika.

Tumefika kwenye mbu, na hapa tuna ugomvi na wanachama wetu wanaotoka Kakamega, Vihiga, Busia na Siaya. Nyinyi husema: sisi ni watoto wa malaria, tulizaliwa nayo, haitufanyi kitu. Ndugu, ile nguvu ya mwili hupungua mtu akikaa miaka mingi mahali pasipo na ugonjwa. Nairobi ni juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni baridi na malaria ni kidogo. Mtu aliyekaa Kangemi miaka kumi na mitano anakwenda pwani kama mgeni, na watoto wetu waliozaliwa huku ni wageni kabisa. Laleni ndani ya chandarua, na kama chumba hakina, kidai. Jioni vaa mikono mirefu na upake dawa ya kufukuza mbu. Dada mwenye mimba aende kliniki kabla ya safari aulize wauguzi, kwa maana kwake malaria ni hatari mara mbili. Mombasa pia kuna homa ya denge, inayoletwa na mbu wa mchana, nayo imewahi kuzuka huko kwa wingi mwaka 2013 na miaka mingine baadaye.

Lakini jambo kubwa ni hili, na twawaomba mlipeleke nyumbani. Malaria haionekani siku unapoumwa na mbu. Huchukua wiki moja na zaidi, mara nyingine wiki kadhaa. Maana yake hutaugulia Shanzu. Utaugulia Kawangware, umekwisha rudi kazini, na mwenye duka la dawa atakwambia ni homa ya mafua au uchovu wa safari. Mwambie wazi: nilikuwa pwani, nipime damu. Usimeze dawa za malaria kwa kubahatisha. Wala usimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, maana kama ni denge dawa hizo zaweza kuleta kutoka damu. Parasetamoli yatosha kwa maumivu. Kiongozi wa kila kundi atawapigia simu watu wake wiki ya pili na ya nne baada ya kurudi. Kazi yake haitakwisha mpaka hapo.

Maji, kunyweni yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, na mnywe mengi, kwa sababu joto la huko na unyevu wake humwangusha mtu wa Limuru asubuhi ya kwanza. Wenye dawa za kila siku, za sukari au za presha au nyingine, chukueni za siku zote na za siku tatu zaidi, mziweke katika mfuko wa mkononi, si katika sanduku.

Bahari, kwa ufupi. Wengi wetu hatujui kuogelea, na bahari haimjui mjumbe. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na mwezi wa Juni kusi inayachafua. Mtu anayetembea mpaka mwambani maji yakiwa yametoka aulize wenyeji kwanza yatarudi saa ngapi, na avae viatu, kuna wadudu weusi wenye miiba mirefu. Hakuna kuingia majini usiku, wala baada ya bia. Hakuna kupanda mashua isiyo na jaketi la kuokolea.

Sasa neno ambalo baadhi ya wazee waliomba lisisemwe mbele ya watu, nasi tumeona lisemwe. Katika mikutano ya mbali wako wanaume, tena wengine wenye vyeo, wanaofikiri mjumbe mwanamke ni sehemu ya posho. Kamati imeamua hivi: wanawake watalala wawili wawili katika vyumba vinavyofuatana, ufunguo ni wao, wala hakuna kikao cha chama chumbani mwa mtu, hata kama anayeita ni nani. Anayetaka kura ya dada akaiombe ukumbini mchana. Likitokea jambo, mwambie mwenzako wa chumba na kiongozi wa kundi usiku ule ule. Na kama huna imani nasi, namba ya bure ya kitaifa ya waliodhulumiwa namna hiyo ni 1195. Polisi ni 999 au 112. Gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu ni 1199. Ziandikeni kwenye karatasi, kwa sababu simu huibiwa.

Mwisho ni bima. Sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini inamlinda mtu aliyeumia katika kazi ya mwajiri, na hata akiwa katika gari ambalo mwajiri ametoa kumpeleka kazini. Safari ya chama si kazi ya mwajiri. Mtu akivunjika mguu Miritini, bibi wa Lavington hatadaiwa kitu, na mshahara waweza kukatwa. Kwa hiyo tumeitaka ofisi ya makao makuu ilipe bima ya safari kwa kila mjumbe kabla treni haijaondoka, na tumeandika barua mbili. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba fedha hakuna. Tumejibu kwamba kama kuna fedha za mabango ya kitambaa, kuna za bima. Matawi yanayotuunga mkono yapige muhuri barua ya tatu, iko hapa mezani, na kalamu iko.

Kila mjumbe amletee karani kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni: jina kama lilivyo katika kitambulisho, namba yake, namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani, na ugonjwa wowote ambao daktari anapaswa kuujua. Karatasi hiyo ya mwisho ikunjwe, itatunzwa na dada mmoja tu wa kamati. Baada ya Ijumaa tiketi zitakatwa, na jina ambalo halipo litangoja mkutano mwingine.